Wakulima 20 hawathibitishi kitu

Jamani, tuache kudanganyana. Mtu anaandika programu ya simu ya kumshauri mkulima wa mahindi wakati wa kutia mbolea. Anawapa watu 20 wa chama kimoja Suneka, Kisii, kisha anawalinganisha na 20 wa Borabu, Nyamira, ambao hawakupewa. Msimu ukiisha anatangaza kwamba imefaulu au imefeli. Yote mawili ni porojo!

Kwanza, mashamba mengi ya Borabu ni makubwa kuliko vipande vya Suneka. Utajuaje kama tofauti imeletwa na programu au na shamba? Piga kura ya nani apewe ndani ya kila kaunti.

Pili, kuna kitu kinaitwa nguvu ya jaribio: uwezekano wa kuiona tofauti ikiwa kweli ipo. Wengi hulenga 80%. Tuseme unatafuta nyongeza ya magunia 2 kwa ekari, na mavuno hupishana shamba kwa shamba kwa kama magunia 4. Fungua R, ni ya bure, uandike:

power.t.test(delta=2, sd=4, power=0.8)

Jibu ni wakulima 64 kila upande. Ukiwa na 20, nguvu ni kama 34%. Yaani programu nzuri itaonekana haifai karibu mara mbili kati ya tatu. Tunazika kazi nzuri kwa uvivu wa mstari mmoja!

Tatu, ukigawa chama kwa chama badala ya mtu kwa mtu, hesabu inapanda. Wanachama hufanana: mvua moja, duka moja la mbegu. Kwa vyama vya watu 20 na mfanano wa 0.1, zidisha kwa 1 + 19 × 0.1, yaani 2.9. Zile 64 zinakuwa 186, vyama 10 kila upande.

Mtasema ni wengi mno. Tazameni jirani zetu Kisumu: jaribio la tohara na VVU lililositishwa Desemba 2006 lilikuwa na wanaume 2,784. Walioambukizwa ni 22 waliopangiwa kutahiriwa mapema na 47 ambao hawakuwa wamepangiwa hivyo. Kwa watu 100 wangepatikana wawili au watatu tu, na tusingejua lolote.

Mkulima akikupa shamba lake, amekupa msimu mzima ambao harudishiwi. Piga hesabu kabla ya kubisha mlangoni kwake. Kama huwezi kupata idadi hiyo, usiite jaribio. Sema unaonyesha watu programu, basi.