Mila ya Ugenini Si Dini: Nasaha kwa Wanaokwenda Kusoma na Wanaorejea

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, maswahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad:

Ndugu zangu katika imani, tumezoea kuwaaga misikitini vijana wetu wanaokwenda kutafuta elimu katika nchi za Waarabu. Tunawaombea dua, tunawachangia nauli, na wazee wanawausia kushika sala. Yote hayo ni mema. Lakini liko jambo moja ambalo aghalabu hatuwafundishi, nalo ni namna ya kuishi miongoni mwa watu wenye mila nyingine, na namna ya kurejea kwao baada ya hapo. Naandika haya nikiwa mmoja wa walioagwa kwa dua hizo, na mmoja wa waliokosea waliporejea.

Ugeni wa Muhajirina

Mtu anaweza kudhani kwamba maswahaba walipohama kutoka Makka kwenda Madina hawakupata ugeni wowote, kwa kuwa lugha ilikuwa moja na kabila zote za Kiarabu. Hadithi zatuonyesha kinyume chake. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Abubakar na Bilal (r.a.) walishikwa na homa walipofika Madina, na Bilal akawa anatamani mabonde ya Makka na majani yake. Mtume (s.a.w.) hakumkemea kwa kukumbuka kwao. Alimwomba Mwenyezi Mungu awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi. Basi kijana anayelia usiku katika bweni la ugenini asijione dhaifu wa imani. Wamemtangulia walio bora kuliko yeye.

Mila nazo zilitofautiana. Umar (r.a.) alisimulia kwamba wao Makureishi walikuwa na kauli juu ya wake zao, wakafika Madina wakakuta wanawake wa Kiansari wana kauli juu ya waume zao, na wanawake wa Kikureishi wakaanza kujifunza kwa wenzao. Umar alichukizwa mkewe alipomjibu, mpaka akaambiwa kwamba hata wakeze Mtume (s.a.w.) humjibu. Abdurrahman bin Auf (r.a.) naye alipogawiwa nusu ya mali na nduguye wa Kiansari, alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe sokoni tu. Akaanza kwa kuuza samli na jibini kavu mpaka akajitegemea. Huo ndio mwenendo wa mgeni mwema: kushukuru, kujifunza njia za mji, na kutokuwa mzigo.

Iko pia Hadithi ya kenge iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliwekewa mezani nyama ya mnyama huyo wa jangwani, akaondoa mkono wake. Khalid bin Walid (r.a.) akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, ila hakuwa katika ardhi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akala, na Mtume anatazama. Tazameni, ndugu zangu: chukizo la mazoea halikugeuzwa kuwa sheria. Laiti sote tungelikumbuka hilo.

Niliyoyakuta Khartoum

Mimi nilisoma Khartoum, miaka kadhaa kabla ya vita vilivyozuka Aprili 2023, vita ambavyo viliwalazimu wanafunzi wa Kitanzania kurejeshwa nyumbani. Nilitoka Mnyambe, katika uwanda huu wa Makonde ambako maji ni ya taabu, nikafika mji ambamo Nili ya Buluu na Nili Nyeupe hukutana. Kiarabu nilichokisoma katika Ajurumiya hakikunifaa sana sokoni. Watu walisema lahaja yao, nami nilipojibu kwa fus'ha muuza mboga alicheka kama aliyesikia khutba ikitoka kwa mnunuzi wa bamia. Mlo wa asubuhi ulikuwa karibu na saa nne, na wote walizunguka bakuli moja la fuli. Salamu zao ni ndefu: mkono begani, kisha maswali juu ya afya, watu wa nyumbani na hali, yakirudiwa mara mbili na tatu. Mwaka wa kwanza niliona wanapoteza wakati. Mwaka wa pili nilitambua kwamba wanaunga udugu.

Katika safu moja ya sala nilisimama na Msudani mwenye jalabia na kilemba kikubwa, Mnaijeria mwenye joho pana, na Mwindonesia aliyejifunga nguo ya kiunoni mfano wa kikoi chetu na kofia nyeusi. Kila mmoja amesitiri uchi wake, na kila mmoja amevaa vazi la kwao. Ni lipi hapo ndilo vazi la Kiislamu? Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu, lakini sikulisoma.

Vilevile niliona kwamba si kila kinachosemwa kwa Kiarabu ni Sunna. Huko Omdurman, Ijumaa jioni, watu walikuwa wakikusanyika penye kaburi la Sheikh Hamad al-Nil kwa ngoma na kuzunguka, na Kiarabu chao ni fasaha kuliko changu. Mizani ya dini ni Kitabu na Sunna kwa ufahamu wa wema waliotangulia. Nasaba na lafudhi si hoja.

Kosa langu

Niliporejea ulikuwa msimu wa korosho. Mjomba wangu, ambaye aliuza magunia yake ili nipate nauli, alikuwa barazani na wazee wenziwe. Nilivaa jalabia ya Kisudani. Nikatoa salamu ya Kiislamu, naye akaitikia, akabaki ananitazama akingoja niseme shikamoo. Sikusema. Nikamweleza mbele ya wenziwe kwamba neno hilo asili yake ni kushika miguu, na kwamba anayelisema anakaribia kumsujudia kiumbe. Mjomba alinyamaza, kisha akasema, "Karibu, sheikh." Wiki iliyofuata wajukuu wake watatu hawakuja madrasa.

Walikaa nyumbani miaka miwili. Nilihutubia juu ya bidaa za matanga, juu ya waganga na hirizi, yote haki, na watu wa ukoo wangu hawakunisikiliza. Hatimaye nilikwenda na mzee wa familia, nikaketi mkekani, nikaomba radhi. Mjomba akasema, "Niliuza korosho ili urudi na elimu. Sikuuza ili urudi mgeni." Wajukuu wawili walirudi madrasa. Wa tatu alikwishakuwa mkubwa, akaona haya kukaa na watoto, na mpaka leo hajui kusoma Fatiha sawasawa. Nitaulizwa juu yake mbele ya Mwenyezi Mungu.

Sasa nasema hivi: tuanze kwa Assalaam alaykum, kwani hiyo ndiyo salamu aliyotufundisha Mtume (s.a.w.), wala haibadilishwi na nyingine. Kisha mzee apewe heshima yake kwa neno la kwao. Hakuna mtoto wa uwanda huu anayesema shikamoo akikusudia ibada, na matendo hulipwa kwa nia.

Mila ni za aina tatu

Wanazuoni wa fiqhi wana kanuni mashuhuri, al-aada muhakkama, yaani ada huzingatiwa katika hukumu maadamu haipingani na sheria. Kwa kanuni hiyo tuzigawe mila zetu, na za wenyeji wetu wa ugenini, mafungu matatu.

La kwanza ni zinazoafikiana na dini, kama kumheshimu mjomba, kusaidiana shambani na kumtunza mgeni. Hizi tuzitie nguvu. La pili ni zinazopingana nayo, kama kutambika, kupiga ramli, na nyimbo za matusi wanazofundishwa watoto katika jando na unyago. Hizi hatuzihalalishi kwa jina la utamaduni, hata wakubwa wakikasirika. La tatu ni za mubaha: mshono wa nguo, aina ya chakula, namna ya kuketi. Hapo kila watu na kwao. Anayeziharamisha amemzulia Mwenyezi Mungu, na anayezifanya Sunna kwa sababu ameziona kwa Waarabu amekosea vilevile.

Jando lenyewe ni mfano. Tohara ni katika maumbile aliyotuamrisha Mtume (s.a.w.). Kwa nini tuwaachie wengine kambi na mafunzo yake, kisha tulaumu? Wamisionari wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876. Vincent Lucas, askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, hakulipiga marufuku jando. Alilisoma, akaondoa asiyoyataka, akatia mafundisho ya Kanisa lake. Hatumfuati katika itikadi yake. Lakini ni aibu kwamba mgeni kutoka Uingereza alikuwa na subira ya kuzijua mila zetu kabla ya kuzihukumu, na sisi watoto wa hapa tukaikosa.

Wala hii si njia mpya kwa watu wa islahi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, aliwasemesha watu kwa Kiswahili chao. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja, alihamia Kenya akawa Kadhi Mkuu mwaka 1968, na akafariki Oman mwaka 1982. Katika kuhama kwake kote, kazi yake kubwa ilikuwa kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili. Katika Surat Ibrahim, aya ya 4, Mwenyezi Mungu anatujulisha kwamba hakumtuma Mtume yeyote ila kwa lugha ya watu wake, ili awabainishie.

Nasaha

Kwa wewe unayeondoka: jifunze mila za wenyeji kabla ya kuzicheka, na upime kabla ya kuzibeba. Zipo za kubeba. Khartoum niliona mbele ya nyumba mitungi mikubwa ya udongo, waiitayo ziiri, iliyojazwa maji kwa ajili ya wapita njia. Katika Ramadhani watu walitandika mikeka kandokando ya barabara na kusimamisha magari ili wasafiri wafuturu. Nilirudi na jalabia, nikauacha mtungi. Katika uwanda wenye kiu kama huu, mtungi ungelinifaa zaidi mbele ya Mola wangu na mbele ya watu. Leo upo mmoja katika baraza la msikiti wetu, na wanafunzi huujaza kwa zamu.

Kwa wewe unayerejea: miezi ya mwanzo sikiliza kuliko kusema. Wasalimie wazee majumbani mwao kabla ya kupanda mimbari.

Na kwenu wazee na kamati za misikiti: msimkejeli kijana kwa kumwita Mwarabu. Mwiteni faraghani, mumsikilize, na akileta dalili sahihi ifuateni hata kama ni mchanga kwenu. Heshima ya mkubwa haiizuii haki, na haki haihitaji kumvunjia mkubwa heshima.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa na hekima ya kuifikisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Ndugu yenu katika Uislamu,
Mwalimu wa madrasa, Mnyambe