Magofu ya Mtoni: Ukiona vyaelea, vimeundwa

Likizo zikikaribia, kila mzazi hujikuna kichwa. Watoto wanataka kusafiri, mfuko unanung'unika, na ufuo wa Mombasa wameshauzoea. Basi kama umejiwekea akiba kidogo, leo nakuelekeza mahali ambapo mwanafunzi ataiona historia kwa macho yake badala ya kuikariri tu: magofu ya Mtoni, kisiwani Unguja.

Safari yenyewe si ngumu. Kutoka Mombasa unapanda basi hadi Dar es Salaam, kisha unavuka kwa boti. Mtoni iko yapata kilomita 5 kaskazini mwa Mji Mkongwe, kwenye barabara ya Bububu, na daladala zinapita huko. Kama jina linavyojieleza, jumba lilijengwa pale mto mdogo unapoingia baharini. Utaona kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, matao, na mabaki ya mabafu. Moto wa mwaka 1914 uliteketeza sehemu kubwa ya jumba.

Kabla ya kuwa makao ya Sultani, Mtoni ilikuwa shamba. Wanahistoria humtaja Saleh bin Haramil kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupanda mikarafuu Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Mtoni ilikuwa moja ya mashamba yake. Sultani Seyyid Said alimnyang'anya mashamba hayo, akaifanya Mtoni kuwa makao yake. Alipoona faida ya karafuu, aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu 3 kwa kila mnazi 1.

Hapo Mtoni ndipo alipozaliwa binti yake, Salme, mwaka 1844. Salme alijifunza kuandika kwa siri, jambo ambalo wasichana wa wakati wake hawakuruhusiwa. Mwaka 1866 alitoroka Unguja, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, akaitwa Emily Ruete. Kitabu chake cha kumbukumbu kilichapishwa Ujerumani mwaka 1886. Humo anaeleza ua uliojaa tausi, paa na mbuni, maji ya mto yakipita katika mabafu, na watu zaidi ya 1,000 wakiishi katika jumba hilo moja.

Hadithi tamu, sivyo? Lakini ngoja kidogo, msomaji wangu. Karafuu haijichumi yenyewe. Huchumwa kwa mkono ikiwa bado tumba, kabla ya ua kuchanua, na mti wenyewe ni mrefu. Kisha hutenganishwa na makonyo na kuanikwa juani kwa siku kadhaa. Kazi hiyo yote ilifanywa na watumwa, wengi wao wakiletwa kutoka bara kupitia Kilwa. Salme anatueleza mengi kuhusu mabafu, lakini katika kitabu hichohicho anautetea utumwa. Majina ya waliochuma karafuu hayakuandikwa ukutani wala kitabuni.

Usidhani kwamba hayo ni ya Unguja peke yake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ukapigwa marufuku kisheria huko mwaka 1897. Kwetu pwani ya Kenya ilibidi kungoja hadi 1907. Mashamba ya nafaka ya Malindi, yaliyostawi katika karne hiyo ya 19, yalilimwa na watumwa vilevile. Walipoachwa huru, wengi hawakupewa ardhi waliyoilima, na kilio cha maskwota wa Pwani tunachokisikia hadi leo kina mizizi yake huko.

Kwa hiyo, mzazi, usiwaache watoto wapige picha na kuondoka. Wakalishe kivulini uwaulize: Nani alivunja mawe haya? Nani aliyachoma kupata chokaa? Nao walilala wapi usiku? Mwanafunzi naye aandike majibu yake, kisha ayalinganishe na kitabu chake cha shule. Mkirudi nyumbani, waulizeni babu na nyanya wenye asili ya pwani. Huenda jibu moja likatoka jikoni kwenu.

Tahadhari chache. Vaeni nguo za heshima, kwani Unguja ni kisiwa cha Waislamu. Msipande juu ya kuta, zimechoka. Wala msichukue hata kijiwe cha kumbukumbu, maana kila mgeni akibeba kimoja, wajukuu wetu hawatakuta kitu.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Aliyekaa ndani ya jumba tunamjua kwa jina. Waliolijenga na kulilisha, kazi ya kuwakumbuka wametuachia mimi na wewe.