Usingizi wa Dereva na Hataza za Wenye Mitaji

Tangu Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, mwaka 2023, maisha ya abiria waendao Dar es Salaam kutoka Newala na Masasi yamezidi kutegemea macho ya mtu mmoja. Mtambo wa LATRA hufuatilia kasi ya basi na mahali lilipo; hauoni macho yanayosinzia.

Kamera za kuyaona zipo. Seeing Machines ya Australia na Smart Eye ya Sweden zinagombea soko hilo, na wawekezaji wao huzihesabu hataza kama mkulima wa Newala ahesabuvyo magunia ya korosho. Hatuwalaumu, mtaji hufuata faida. Lakini wananchi wafahamu kwamba hataza hulinda uvumbuzi katika nchi iliposajiliwa tu. Kabla mwenye basi hajatozwa bei ya hataza hizo, BRELA na ARIPO ziulizwe kama zinatambulika Tanzania. Zisipotambulika, mafundi wetu wana haki kamili ya kuunda kamera ya namna hiyo hapa nchini. Tunavitaka vyuo vyetu vya ufundi viifanye kazi hiyo, na majaribio yaanzie kwenye mabasi ya Kusini.