Pimwa macho kabla ya kulipa karo ya ubaharia

Ikiwa una mwana anayetamani kuajiriwa melini kama baharia wa sitaha, usitoe hata senti ya karo kabla hajapimwa macho. Wengi hufanya kinyume. Kijana hupelekwa mafunzoni, akahitimu kuzima moto, kujiokoa majini na huduma ya kwanza, halafu ndipo huletwa kwa daktari "atiliwe sahihi." Hapo hufunuliwa kijitabu chenye madoadoa ya rangi, akashindwa kusoma namba ambayo wengine huiona waziwazi. Karo imekwisha kuliwa.

Mtu huzaliwa na upungufu huu wa kutotofautisha nyekundu na kijani. Huwapata wanaume zaidi ya wanawake, na hauna tiba. Mwenyewe huenda asijue, kwani sokoni hutambua nyanya mbivu kwa kuibonyeza. Lakini baharia wa sitaha hushika zamu usiku, na usiku meli nyingine hujulikana kwa taa zake: nyekundu kushoto, kijani kulia. Akizikosea, hatajua meli ile inaelekea wapi.

Cheti cha afya hudumu miaka 2 tu, na kwa aliye chini ya miaka 18, mwaka 1. Hutolewa na daktari anayetambuliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Najua wapo wenzangu wanaotia sahihi bila hata kumvua mtu shati. Kijana hushukuru akidhani amesaidiwa. Mimi naona ameuzwa. Meli nyingi za mizigo hazina daktari. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuidhinisha mwaka 2014, hulazimisha awepo pale tu watu wanapofika 100, katika safari za kimataifa zinazozidi siku 3. Mwenye kifafa aliyeficha hali yake ataanguka katikati ya bahari, na aliye karibu ni ofisa mwenye sanduku la dawa. Shinikizo la damu si lazima limfungie mtu mlango, mradi lidhibitiwe na lisemwe. Aidha, anayenyimwa cheti ana haki ya kupimwa tena na daktari mwingine asiyefungamana na mwajiri.

Kazi yenyewe ni kukwangua kutu, kupaka rangi na kuvuta kamba nene ambazo zikikatika huweza kuua. Kinachonitisha zaidi ni vyumba vilivyofungwa, kama kile cha mnyororo wa nanga. Kutu hula oksijeni. Hewa ya kawaida ina asilimia 21, lakini humo ndani huweza kupungua hadi mtu aanguke bila dalili yoyote, na mwenzake anayekimbilia kumwokoa akaanguka juu yake. Asiingie yeyote kabla hewa haijapimwa, hata msimamizi akifoka.

Uchovu nao ni ugonjwa wa melini. Kanuni humpa baharia angalau saa 10 za kupumzika katika kila saa 24, na 77 kwa wiki, tena kipindi kimoja kisipungue saa 6. Mwulize mwajiri habari hizo kabla ya kutia sahihi.

Na wakala akikudai "ada ya kutafutiwa nafasi," jua anavunja mkataba huo. Baharia hulipia cheti chake cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Hata viza ni juu ya mwenye meli.