Watoto Wetu Wanywe Maji Gani Shuleni?

Ndugu wafanyakazi, wako wenzetu wanaosema kuwa chama ni cha mshahara na saa za kazi, na kwamba habari ya maji ya shule ni ya walimu na serikali. Sisi hatukubali. Mama anayechuma chai hulipwa kwa kilo. Mtoto wake akirudi na tumbo la kuhara, mama hukaa nyumbani, na siku hiyo hakuna kilo wala fedha. Basi maji ya shule yamekwisha ingia katika mshahara, mtu apende asipende.

Hapa Nengo Ziwa Kivu liko chini yetu, na mgeni akiona maji mengi namna ile hufikiri hatuna shida. Lakini maji ya ziwa si ya kunywa hivi hivi. Mto Sebeya nao huleta tope mvua kubwa inyeshapo, na usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 ulifurika ukabomoa nyumba. Mafuriko na maporomoko ya siku ile yaliua watu zaidi ya 130 katika Rwanda. Na nani kati yetu wenye umri amesahau Julai 1994? Ng'ambo ya mpaka tu, kule Goma, mahali tunapofika kwa miguu, kipindupindu na kuhara damu viliua wakimbizi karibu 50,000 kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Wengi walikuwa wakiliona ziwa kwa macho yao. Kilichokosekana ni maji safi.

Sasa tutazame darasani. Katika shule tulizopita tumekuta ndoo moja nyuma ya mlango na kikombe kimoja juu ya kifuniko. Watoto hamsini hunywea kikombe hicho, na kila anayechota huzamisha vidole vyake ndani ya ndoo. Kwingine hakuna hata ndoo, mtoto hukaa na kiu mpaka kengele ya mwisho, kisha mwalimu analalamika kwamba anasinzia.

Jambo hili si geni duniani. Huko Marekani, jimbo la Kansas lilipiga marufuku kikombe cha watu wote mwaka 1909, kwa juhudi za daktari Samuel Crumbine, ambaye aliona katika treni wagonjwa wa kifua kikuu wakinywea kikombe kimoja na abiria wengine. Marufuku za namna hiyo ndizo zilizokuza biashara ya vikombe vya karatasi, vya kutumia mara moja na kutupa.

Wazazi wengine wametuambia: basi na sisi tununue vya kutupa. Nia yao ni njema, lakini tupige hesabu. Shule ya watoto 1,000, kila mmoja anywe mara mbili kwa siku, ni vikombe 2,000. Kwa juma la siku tano ni 10,000. Nani atalipa, na takataka hizo zitamwagwa wapi kama si mtaroni, kisha ziwani? Tena vikombe vya plastiki vya kutupa vimekatazwa na sheria ya nchi yetu tangu mwaka 2019, na vile vya karatasi kwa kawaida vimepakwa plastiki ndani ili visilowe.

Kinachofaa ni rahisi zaidi. Kila mtoto awe na kikombe chake cha bati au cha plastiki ngumu, chenye jina lake, kinachorudi nyumbani kila jioni kuoshwa. Kila darasa liwe na ndoo yenye kifuniko na bomba chini, ili mkono usiingie majini. Kuchemsha maji ya watoto 1,000 kwa kuni hatukushauri, maana nusu lita kwa kila mmoja ni lita 500 kwa siku, na kuni hizo ataagizwa mtoto yule yule. Klorini itiwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, maji yakae nusu saa, ndipo wanywe. Kama maji yana tope, yachujwe kwanza kwa kitambaa safi.

Gharama je? Tangu mwaka 2022 mzazi wa shule ya msingi ya serikali hutoa faranga 975 kwa muhula kwa ajili ya chakula, na serikali hutoa sehemu kubwa. Chakula kimepata hesabu yake, nalo ni jambo zuri. Maji tunataka nayo yaandikwe katika hesabu hiyo, si kuachwa kwa huruma ya mwalimu. Na waajiri wasikae pembeni. Hupenda kupaka rangi ukuta wa shule na kupigwa picha. Rangi hainyweki! Kiwanda chenye mabomba yake na fundi wake kinaweza kuvuta bomba mpaka shule ya jirani, na neno hilo tutaliweka mezani tutakapojadiliana mkataba.

Kwa hiyo kila mfanyakazi aliye katika kamati ya wazazi ajiandikishe kwa katibu wa tawi lake kabla ya muhula kufunguliwa. Aje na hesabu tatu: watoto wangapi, madarasa mangapi, ndoo ngapi zenye kifuniko. Kama bomba la shule ni kavu, aandike ni tangu lini.