Pensheni Isiishie kwa Wenye Mshahara

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Hawakutuambia, hata hivyo, ni nani atakayeichanga akiba hiyo wala ataiweka wapi. Maswali hayo ndiyo yanayoukabili mpango wa taifa wa pensheni nchini Kenya, na majibu yake yanawahusu mno wakulima wa Kitale na Bungoma.

Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii (NSSF) iliundwa mwaka 1965. Kwa miaka mingi ilikuwa hazina ya akiba tu: mfanyakazi alistaafu, akakabidhiwa fedha zake kwa mkupuo, mambo yakaishia hapo. Lugha yetu huvitenganisha vizuri viwili hivi. Kiinua mgongo hutolewa mara moja. Pensheni humfuata mzee mwezi baada ya mwezi. Sheria ya mwaka 2013 ilikusudia kutuvusha kutoka kiinua mgongo hadi pensheni. Ilipingwa mahakamani kwa miaka mingi, na ni baada ya uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa Februari 2023 ambapo makato mapya yalianza. Mfanyakazi hutoa asilimia 6 ya mshahara wake, hadi kikomo kilichowekwa, naye mwajiri hutoa asilimia 6.

Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini je, mpenzi msomaji, mwajiri wa mkulima wa mahindi kule Kitale ni nani? Mkulima huyu hupanda mwezi Machi au Aprili na kuvuna mwishoni mwa mwaka. Mwenzake wa Bungoma husubiri miwa ikomae kwa mwaka mmoja na nusu hivi, kisha angoje malipo. Hawana hati ya mshahara wala mwezi wa kukatwa, na hakuna wa kuwaongezea asilimia 6. Ikumbukwe kwamba zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya wenye kazi wamo katika sekta isiyo rasmi. Mpango unaowaacha nje hawa hauwezi kuitwa wa taifa.

Watetezi wa serikali watasema kuwa mlango uko wazi. Mwaka 2011 ulizinduliwa mpango wa Mbao kwa ajili ya jua kali, wa kuweka Sh 20 kwa siku. NSSF nayo ina mpango wa Haba Haba, wa Sh 25 kwa siku. Ni kweli kuwa haba na haba hujaza kibaba. Hata hivyo, mkulima hapati haba kila siku. Hupata kibaba mara moja, na siku hiyohiyo karo na deni la mbolea humsubiri mlangoni. Isitoshe, akichanga, huchanga peke yake.

Kuhusu Inua Jamii, mpango huo ulipopanuliwa mwaka 2018 uliwalenga wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa Sh 2,000 kwa mwezi. Mtumishi wa umma kwa kawaida hustaafu akiwa na miaka 60. Ni kana kwamba mgongo wa mwenye jembe huchoka miaka kumi baada ya ule wa mwenye kalamu!

Maoni yangu ni kwamba mchango ufuate mavuno. Mkulima aliyeridhia akatwe anapouza mahindi kwa Bodi ya Nafaka na Mazao au anapolipwa miwa yake, nayo serikali iongeze kiasi kama afanyavyo mwajiri. Atakayedai kuwa huo ni mzigo kwa hazina ya umma akumbuke kuwa mkulima pia hulipa kodi kila anunuapo sabuni. Tena ibara ya 57 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mzee haki ya kutunzwa na jamaa zake pamoja na dola.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wetu. Mtu haweki akiba katika jambo asilolielewa. Tuzifasiri sheria na fomu hizi kwa Kiswahili fasaha, kisha tuzifikishe sokoni na kwenye vyama vya ushirika, wazazi wetu wajue wanachokitia sahihi.