Kabla Hujaongeza Upepo

Fungua kile kimlango cha tangi la Subaru yenye turbo iliyotoka Japani, mara nyingi utakuta stika ya Kijapani. Wengi wetu tunaibandua, au tunaiacha ififie. Inasema gari linywe petroli ya premiamu, ile ambayo Wajapani huiita haioku na ambayo vituo vyao vingi huiuza ikiwa na oktani 100. Petroli tunayojaza hapa Dar haifiki huko. Ugomvi wangu na mafundi wa kuflashi unaanzia hapo.

Mteja akilalamika gari limekuwa zito, jibu ni lile lile: tuliflashi. Laptopu inachomekwa chini ya usukani, linamwagwa faili lililoshushwa mtandaoni, na baada ya dakika 40 gari linaruka kama swala. Laki kadhaa zimetoka. Hakuna aliyeuliza kwa nini lilikuwa zito.

Mimi nauliza. Ndani ya kontroli boksi kuna majedwali: mizunguko ya injini upande huu, mzigo upande ule, na katika kila chumba namba inayosema plagi itoe cheche nyuzi ngapi kabla pistoni haijafika juu. Namba hizo ziliandikwa kwa petroli ya kwenye stika. Ukiweka yenye oktani ndogo, mchanganyiko uliogandamizwa hujilipukia pembeni kabla moto wa plagi haujaufikia. Injini inagonga. Sensa inasikia, kompyuta inachelewesha cheche, nguvu inapungua. Yaani ule uzito anaoulalamikia mteja ni kinga iliyo kazini! Halafu anakuja mtu anaongeza upepo wa turbo, anawahisha cheche, na wengine wanaifanya hata hiyo sensa iwe kiziwi. Pistoni huanza kuvunjika kwenye kingo nyembamba zilizo kati ya pete na pete, na fundi wa faili siku hiyo hapokei simu.

Wala siko upande wa wanaosema kontroli boksi isiguswe kwa kuwa Mjapani anajua zaidi. Mjapani hakuandika namba zake akiwaza foleni ya Mbagala saa nane mchana, kiyoyozi kimewashwa na turbo inavuta hewa ya moto. Kuziandika upya ni haki yetu. Ila ziandikwe kwa petroli yetu na joto letu: upepo upungue kidogo, cheche ichelewe pale penye mzigo mkubwa, petroli iongezwe hapo hapo ili kupoza. Farasi kadhaa watapotea kwenye karatasi. Wapotee.

Na kabla ya yote, fundi asome masahihisho ambayo kompyuta inayafanya yenyewe. Ikiwa kila wakati inaongeza petroli kwa asilimia 20 ili uwiano ukae sawa, kuna nozeli zilizoziba, pampu iliyochoka, au hewa inapenya mahali. Hakuna faili la kuziba tundu la mpira. (Ile milio ya risasi kwenye bomba la moshi ni petroli yako inayoungua nje ya injini. Siipotezei aya.)

Dai rekodi za kabla na baada, zilizochukuliwa gari likiwa na mzigo, kwenye gari lako, kwa petroli unayoinunua: cheche, ugongaji, uwiano wa hewa na petroli. Akikujibu kwamba faili hilo hilo ameshaliweka kwenye Forester 50, omba funguo zako.